Sahani ya Maabara Haina Ini

Ujumbe huu umezunguka kwenye simu zetu kwa miaka, na kila unaporudi unakuja na picha ya tunda lile la kijani lenye miiba laini: stafeli lina nguvu mara 10,000 kuliko dawa za saratani za hospitali. Wanaoutuma wana nia njema. Ni binti ambaye baba yake ameambiwa ana saratani ya tezi dume, ni shemeji aliyesikia kwamba mzee anaamka mara tano usiku kwenda haja ndogo, ni mwalimu mstaafu kwenye kundi la wanakijiji waishio mjini. Chini ya ujumbe huwa pameandikwa maneno ya kufunga mjadala: imethibitishwa kisayansi.

Ninayapinga maneno hayo, na ninaipinga imani iliyo nyuma yake, kwa sababu haijabaki mikononi mwa wauza dawa wa stendi peke yao. Imeingia magazetini na redioni, imepanda mimbarini, na husikika hata vyuoni. Imani yenyewe ni hii: mmea ukishaonekana unaua seli za saratani ya tezi dume maabara, dawa imepatikana, kilichobaki ni kuusaga, kuutia kwenye chupa na kumpelekea mgonjwa. Anayeuliza zaidi ya hapo huonekana anaidharau miti ya kwao, au anailinda biashara ya Wazungu. Mimi nasema dawa haijapatikana. Kilichopatikana ni sababu ya kuanza kuitafuta, na mgonjwa anayeuziwa sababu hiyo kwa jina la dawa ameibiwa pesa na ameibiwa muda. Pesa huenda zikarudi.

Tuanze na hiyo 10,000, maana haikuzuliwa. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha matokeo ya kazi yao juu ya mbegu za mstafeli. Walitenga kemikali kadhaa, na mojawapo ilipowekwa kwenye seli za saratani ya utumbo mpana ilionekana kuwa na nguvu mara 10,000 kuliko adriamaisini, dawa ya saratani inayofahamika sana. Basi. Kemikali ile ilitoka kwenye mbegu, wakati sisi tunachemsha majani. Ilikuwa imetengwa peke yake, wakati chai yetu ina mamia ya kemikali ambazo hakuna aliyezipima. Seli zilikuwa za utumbo, wala hazikuhusu tezi dume. Na zilikuwa seli zilizo peke yake sahanini, bila mwili wa mtu kuzizunguka. Muuzaji ameruka mambo manne kwa hatua moja, na bado anatumia neno sayansi.

Kuna jambo jingine la mstafeli ambalo ujumbe ule hauna. Mwaka 1999, kwenye kisiwa cha Guadeloupe katika bahari ya Karibi, madaktari waligundua wagonjwa wengi mno wenye ugonjwa unaofanana na ule wa kutetemeka wa Parkinson, lakini usiosikia dawa za kawaida za Parkinson. Walipowahoji, wakaona wagonjwa hao walikuwa wanakula stafeli na kunywa chai ya majani yake kuliko watu wengine. Baadaye panya waliopewa anonasini, kemikali kuu ya mti huo, kwenye mshipa kwa siku 28 walipata madhara kwenye ubongo. Utafiti wa Guadeloupe ulionyesha uhusiano, na uhusiano si hukumu ya mwisho. Lakini utaratibu wake unaeleweka: anonasini huziba mtambo ambao seli hutumia kutengeneza nguvu zake. Ndiyo sababu inaua seli ya saratani sahanini, na ndiyo sababu hiyohiyo inaweza kuua seli ya ubongo wa mzee anayekunywa vikombe vitatu kwa siku. Kinachosifiwa na kinachotisha ni kitu kimoja.

Sasa twende kwenye sahani yenyewe, maana wengi wanaoitaja hawajawahi kuiona. Ni kipande cha plastiki angavu kinachoenea kiganjani, chenye vishimo 96, kila kimoja kikubwa kuliko punje ya mahindi kwa kiasi kidogo tu. Mtafiti anatia seli kwenye kila kishimo, anazilisha maji yenye sukari na chumvichumvi na kuziacha usiku kucha kwenye joto la mwili wa binadamu, nyuzi 37. Kesho yake anaongeza dondoo la mmea kwa vipimo tofauti, kidogo hapa, zaidi pale. Baada ya saa 24, 48 au 72 anatia rangi ya njano. Seli zilizo hai huigeuza ile njano kuwa zambarau, zilizokufa haziwezi. Mashine inasoma ukolevu wa zambarau, na mtafiti anatafuta kile kipimo ambacho nusu ya seli zimeshindwa. Namba hiyo ndiyo inayokwenda kwenye makala, na ndiyo inayogeuka kuwa kichwa cha habari.

Hii ni kazi halali, na ni mwanzo mzuri. Kosa liko kwenye kusahau jinsi ilivyo rahisi kuua seli katika kishimo kile. Siki inaua. Sabuni ya kufulia inaua. Chumvi ikizidi inaua, na pombe pia. Seli iliyo peke yake plastikini haina ngozi ya kuikinga wala damu ya kuichukulia uchafu. Mimea mingi ina saponini, zile kemikali zinazotoa povu, nazo hutoboa utando wa seli yoyote zinayokutana nayo, ya saratani na isiyo ya saratani. Mimea mingine ina tanini zinazogandamana na protini zote zilizomo. Ipo hata mimea ambayo kemikali zake huibadilisha ile rangi ya njano zenyewe, bila msaada wa seli, kipimo kikadanganya. Ndiyo maana mtafiti makini huweka pembeni yake sahani ya seli salama, akalinganisha. Makala nyingi hazina sahani hiyo ya pili, na vichwa vya habari haviiulizi.

Halafu kuna suala la kiasi, na hapa namwomba msomaji tupige hesabu pamoja. Makala nyingi za mimea hutumia mikrogramu 100 za dondoo katika kila mililita, na mara nyingine zaidi ya hapo, ingawa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani imekuwa ikitaka dondoo ghafi liue kwa mikrogramu 20 au 30 ndipo listahili kuangaliwa tena. Mtu mzima wa kilo 70 ana karibu lita 42 za maji mwilini. Ili kila mililita ya maji hayo ipate mikrogramu 100, zinahitajika gramu 4.2 za dondoo safi. Majani makavu yakitoa sehemu moja ya kumi kuwa dondoo, hizo ni gramu 42 za majani. Waweza kusema: kumbe si mengi! Ila hesabu hiyo imempa mwuza dawa kila nafuu iliyopo. Imedhani kwamba utumbo umefyonza kila chembe, kwamba ini halikuvunja hata moja, kwamba figo hazikutoa kitu, na kwamba kiwango kile kimekaa vilevile kwa saa 72 kama kilivyokaa kishimoni. Hakuna mwili wa namna hiyo. Kazi ya ini ni kupokea kemikali za mimea na kuzivunja. Limefanya hivyo tangu binadamu aanze kula majani, na halitaacha kwa sababu safari hii majani yamenywewa kwa ajili ya saratani.

Binzari ya manjano ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi. Kurkumini, ile kemikali inayoipa binzari rangi, imeua seli za saratani ya tezi dume katika maabara nyingi duniani, kwa kawaida kwenye viwango vya mikromola 10 na kuendelea. Watafiti walipowapa watu gramu 8 za kurkumini kwa siku, kiasi ambacho hakuna mchuzi unaoweza kukifikisha, kiwango cha juu kabisa kwenye damu kilikuwa kwa wastani chini ya mikromola 2, nacho kikashuka ndani ya saa chache. Dawa iliua sahanini kwa kiwango ambacho damu haikukifikia.

Kuna pia suala la seli za nani. Sehemu kubwa ya tafiti hizi, ziwe za Nairobi, Morogoro au Lagos, hutumia koo tatu za seli. Zinaitwa LNCaP, PC-3 na DU145, na zote zilitoka kwa wagonjwa wa Marekani miaka ya sabini: moja kwenye tezi la limfu, ya pili kwenye mfupa, ya tatu kwenye ubongo. Hakuna hata moja iliyochukuliwa kwenye tezi dume lenyewe. Zimekua kwenye plastiki kwa zaidi ya miaka 40, zikizaliana na kubadilika. LNCaP hutegemea homoni za kiume, nyingine mbili hazizihitaji, kwa hiyo mmea unaweza kuua moja na kuiacha nyingine ikistawi. Mzee wa Kilosa ana saratani yake, kwenye tezi lake, katika hatua yake. Kumwambia kwamba majani fulani yameua PC-3 ni kumpa habari za ugonjwa wa mtu mwingine.

Nitajibiwa kwamba sahani ni hatua ya kwanza tu, na kwamba matokeo ya watu wenyewe yapo. Yapo, na ndiyo yanayonitia nguvu katika hoja hii. Chukua komamanga, tunda ambalo watu wa pwani tunaliheshimu tangu zamani. Juisi yake iliua seli sahanini. Mwaka 2006 madaktari wa Los Angeles wakawapa juisi hiyo wanaume 46 ambao saratani yao ilikuwa imerudi baada ya upasuaji au mionzi. Waliangalia PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, na muda inaochukua kuongezeka maradufu. Kabla ya juisi ilikuwa miezi 15. Baada ya juisi ikawa miezi 54. Habari ilienea dunia nzima, na nani angelaumu? Lakini katika jaribio lile hakukuwa na kundi lililokunywa kitu kisicho na komamanga. Madaktari haohao, na hapa nawapa heshima yao, wakarudia kazi wakiwa na wanaume 183 na kundi la kulinganisha, wakachapisha mwaka 2015. Waliokunywa dondoo la komamanga walitoka miezi 12.9 hadi 14.5. Waliokunywa kinywaji kisicho na kitu walitoka miezi 11.1 hadi 15.6. PSA ilipunguza mwendo hata kwa watu ambao hawakupewa komamanga kabisa. Hakukuwa na tofauti ya maana.

Shuhuda nyingi tunazozisikia ni za aina ile ya 2006. Baba alikunywa, baba akapata nafuu, kwa hiyo dawa imefanya kazi. Hatumwoni baba wa pili ambaye hakunywa na akapata nafuu hiyohiyo, wala wa tatu aliyekunywa na tukamzika, kwa sababu wafiwa hawaendi redioni kutoa ushuhuda.

Lakini hadithi ambayo ningependa kila mhariri wa gazeti aijue ni ya PC-SPES. Kilikuwa kidonge cha mitishamba minane, kilichouzwa Marekani tangu 1996 na kampuni ya California kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume. Hiki hakikuwa kitu cha vichochoroni. Kiliua seli maabara. Madaktari wa vyuo vikuu walikijaribu kwa wagonjwa: katika jaribio moja la San Francisco, wanaume 33 ambao saratani yao bado ilitegemea homoni walikitumia, na kwa wote 33 PSA ilishuka kwa asilimia 80 au zaidi. Hakuna mti wa kwetu uliowahi kupata ushahidi wa namna hiyo. Kama kuna dawa ya miti iliyostahili kuitwa imethibitishwa, ilikuwa hiyo.

Madaktari makini waliona dalili nyingine. Wanaume walivimba matiti na kupoteza hamu ya tendo la ndoa, na baadhi waliganda damu miguuni. Hizo ni dalili za estrojeni, homoni ya kike. Mwingine akafika hospitali akivuja damu, na damu yake ikaonyesha warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo hakuandikiwa. Mwaka 2002 vidonge vilipochunguzwa, ndani yake vikakutwa warfarini, indomethasini ya kutuliza maumivu, na diethilistilbestroli, estrojeni ya kutengenezwa kiwandani. Kampuni ikaondoa bidhaa sokoni. Matoleo ya miaka ya mwanzo ndiyo yaliyokuwa na estrojeni nyingi, na nguvu ya kidonge ilipungua estrojeni ilipopungua.

Huko Chicago, mwaka 1941, Charles Huggins alishaonyesha kwamba saratani ya tezi dume hurudi nyuma mgonjwa akiondolewa korodani au akipewa estrojeni, na kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Wanaume wale wa miaka ya tisini, waliokimbia dawa za hospitali, walikuwa wanakunywa dawa ya zamani ya hospitali ndani ya kidonge cha majani. Hawakujua dozi, hawakujua hatari ya damu kuganda, na daktari wao hakujua chochote. Ikiwa jambo hilo liliwezekana kwa bidhaa iliyouzwa wazi California na kuchunguzwa na vyuo vikuu, niambie nani amepima unga ulio kwenye chupa isiyo na lebo ya kueleweka, iliyonunuliwa kwenye basi kati ya Chalinze na Segera.

Najua jibu linalokuja, na nalichukulia kwa uzito kwa sababu linatoka kwenye kidonda cha kweli. Watu husema makampuni ya nje hayataki miti yetu ijulikane. Jibu langu ni kwamba makampuni ya nje yanaitafuta miti usiku na mchana. Muiri, ule mti wa misitu ya Mlima Kenya na Kilimanjaro, umevunwa magome na kupelekwa Ulaya kwa miongo mingi, kwa sababu dondoo lake huuzwa huko kwa wanaume wanaosumbuliwa na mkojo. Uvunaji ulizidi mpaka mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES, maana mti ukichunwa gome kuzunguka shina lote hufa. Hilo ndilo lililotupata: mti wetu ulijulikana mno, na tukabaki na mashina makavu. Artemisinini, ile iliyomo kwenye dawa ya mseto ya malaria katika kila zahanati, ilitoka kwenye jani, na aliyeitoa, Tu Youyou, akapewa Nobel mwaka 2015. Hakuna aliyeificha.

Muiri wenyewe unahitaji maelezo, kwa sababu ndio mti wa kwetu wenye hoja nzito kuliko yote. Mapitio ya majaribio 18 yaliyohusu wanaume 1,562, yaliyotolewa mwaka 2002, yalionyesha kwamba gome lake huleta nafuu ya wastani kwa wenye tezi dume lililotanuka kwa umri. Hiyo si saratani. Ni maradhi mawili yanayokaa kwenye kiungo kimoja, na mwanaume hawezi kuyatofautisha kwa kuhisi. Mzee akinywa gome, mkojo ukatoka vizuri, huamini amepona. Ikiwa chini yake kuna saratani, inaendelea kimyakimya. Kuhusu saratani, dondoo la muiri limeua seli sahanini, na mwaka 2007 watafiti waliripoti kwamba panya waliozaliwa na mwelekeo wa saratani ya tezi dume na kulishwa muiri walipata saratani kwa asilimia 35, dhidi ya asilimia 62.5 kwa wasiolishwa. Haya ni matokeo ya kutia moyo, nami nayapenda. Ni matokeo ya panya, na yalihusu kuzuia, wakati mgonjwa wetu tayari anaumwa.

Anayetaka kujua mti unavyogeuka dawa ya saratani ya tezi dume autazame mti wa taksasi. Mwaka 1962 wataalamu wa mimea wa Marekani walichuma gome lake magharibi mwa nchi hiyo. Monroe Wall na Mansukh Wani, North Carolina, wakaitafuta kemikali iliyokuwa ikiua seli, na mwaka 1971 wakachapisha umbo lake. Mwaka 1979 Susan Horwitz wa New York akaeleza namna inavyoua: inakaza nyuzi ambazo seli huzitumia kugawanyika, seli ikakwama katikati. Dawa ya kwanza iliruhusiwa mwaka 1992, kwa saratani ya ovari. Wafaransa, kwa kutumia majani ya taksasi wa Ulaya, wakatengeneza ndugu yake, dositakseli. Mwaka 2004, miaka 42 tangu lile gome, ndipo ikaonyeshwa kwamba wanaume ambao saratani yao imeshinda tiba ya homoni huishi kwa muda wa kati wa miezi 18.9 wakipewa dositakseli, badala ya miezi 16.5 kwa dawa iliyokuwepo. Miezi miwili na nusu hivi. Leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Soma tena namba hizo. Huu ndio mmea uliofanikiwa kuliko yote dhidi ya ugonjwa huu, na baada ya miaka 42 wenyewe walisema wazi: miezi miwili na nusu. Hawakusema inaponya. Majani ya taksasi yenyewe ni sumu inayosimamisha moyo, wala hakuna anayeyachemsha chai. Kati ya 1960 na 1982 mpango wa Marekani wa kutafuta dawa za saratani kwenye mimea, uleule uliochuma lile gome, ulipima dondoo kama 114,000 za mimea, na zilizofika kwa wagonjwa zinahesabika kwa vidole. Ikiwa asilimia ndogo namna hiyo ndiyo iliyovuka, ina maana kwamba karibu kila mmea ulioua seli sahanini ulishindwa mbele ya safari. Hiyo ndiyo maana halisi ya matokeo ya sahani, na ndiyo inayopaswa kuandikwa.

Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Tulisema mengi wakati ule juu ya imani na ujinga. Lakini marehemu Mwasapile alisema alioteshwa na Mungu. Aliyekunywa alijua anakunywa kwa imani. Wanaouza leo wamechukua jina la maabara, na mtu aliyesoma, asiyeamini ndoto, anaamini maabara. Kwa hiyo wanawapata hata wale waliokataa kwenda Loliondo.

Gharama ya imani hii naijua mahali ilipo. Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume Tanzania, kama ilivyo katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Ikikutwa ndani ya tezi, upasuaji au mionzi inaweza kuimaliza kabisa. Ikishatoka, hupenda mifupa, hasa uti wa mgongo. Wagonjwa wengi wetu hufika wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Huja mzee anayelalamikia kiuno, amekandwa miezi minane, amekunywa majani miezi minane, na siku anayoletwa miguu haisikii kwa sababu uvimbe umebana uti. Hata hapo tiba ya homoni ingempa miaka, na ile ya kuondoa korodani, operesheni fupi isiyo ghali, ipo tangu enzi za Huggins. Lakini miguu iliyokufa ganzi kwa wiki nzima hairudi kwa urahisi. Ile miezi minane ndiyo ninayoidai kutoka kwa kila aliyeandika imethibitishwa.

Na tusiseme kwamba hatuna pa kufanyia kazi kwa ukamilifu. Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake. Tuna Taasisi ya Saratani Ocean Road yenye wagonjwa halisi, na taasisi ya taifa ya utafiti inayotoa vibali vya maadili. Kinachokosekana ni fedha za hatua zinazofuata baada ya sahani: usalama kwa wanyama, kipimo cha damu baada ya mtu kunywa, dozi, kisha jaribio lenye kundi la kulinganisha. Hatua hizo ni ghali na hazina kichwa cha habari. Mtafiti anapata makala yake kwa sahani moja, anapandishwa cheo, anahamia mti mwingine. Anayeipenda kweli miti ya babu zake angepigania mti mmoja ufike mwisho, badala ya kushangilia miti mia iliyokwama mwanzoni.

Wahariri, habari ikija ya mmea ulioua seli, andikeni kwenye sentensi ya kwanza kwamba ni sahani, na kwamba hakuna mgonjwa aliyepewa. Wahadhiri, msiruhusu maabara zenu zinukuliwe kwenye chupa. Na wewe baba uliyefika miaka 50, au 45 kama baba yako au kaka yako aliugua, nenda ukapime PSA. Ni damu kidogo ya mkononi. Ikiwa juu si lazima iwe saratani, na daktari atakueleza hatua inayofuata, pamoja na kile kipimo cha kidole ambacho wengi mnakiogopa na ambacho hakichukui hata dakika moja. Kama unakunywa gome, majani au unga wa mti wowote, usimfiche. Mtajie jina lake na kiasi unachokunywa, na kama uliununua kwenye chupa, nenda nayo.